Nabandika khanga na makaratasi, naambiwa namwiga Wangechi Mutu. "Falsafa ya msanii" naiandikaje?

BintiChumbageni (Tanga)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Nafanya sanaa mseto: khanga kuukuu, pakiti za majani ya chai, lebo za nguo za mitumba, stempu, kisha napitisha wino na rangi ya maji juu yake. Nabandika kwenye silingibodi maana kanvasi bei yake siiwezi. Mara nyingi nafanya sura za wanawake, mabibi wa mtaani kwetu wanaokaa barazani jioni.

Sasa kuna galari Dar imekubali kuzitazama kazi zangu, ila wanataka ukurasa mmoja: falsafa yangu ya ubunifu na wasanii walioniathiri. Kila nikiandika natoka na "naunganisha jadi na usasa", maneno ambayo hata mimi mwenyewe siyaamini. Halafu jamaa mmoja aliziona picha akaropoka, "Hizi si za Wangechi Mutu hizi?" Sikatai, huyo dada Mkenya anayebandika vipande vya magazeti kuwa viumbe wa kike nimemtazama sana kwenye simu. Lakini mabibi zangu hawana manyoya wala mikia!

Naombeni msaada. Niandike nini, na huyo Wangechi nimtaje au ninyamaze?

MwalimuMsasa (Nairobi)

Marahaba, binti. Mimi nilifundisha sanaa shule ya upili hadi nikastaafu, na sasa nabandika makaratasi kutwa, mke wangu analalamika nyumba nzima inanuka gundi. Nadharia nyingi sina.

Neno falsafa liweke kando kwanza. Chukua kipande cha khanga ulichobandika juzi ujiulize: unataka anayetazama ajue kuwa hii ilikuwa khanga, au unataka rangi yake tu? Jibu swali hilo kwa kila kitu unachookota, na ukurasa wako utajiandika. Wanaotajwa sana katika kazi hii yetu wameachana njia hapo hapo.

Anza na Rosemary Karuga. Vijana wengi hawamjui, jambo linaloniuma. Alizaliwa Meru mwaka 1928, akasoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanamke wa kwanza kuhitimu sanaa pale, kisha akawa mwalimu wa shule miaka na mikaka. Sanaa aliirudia kwa nguvu miaka ya 1980, umri umeshakwenda. Rangi za dukani zilikuwa ghali, akachukua pakiti za unga na makaratasi ya sabuni ya Rexona, akayakata vipande vidogo vidogo na kuvipanga kama fundi anayetandaza vigae. Wanyama, wanawake, maisha ya kijijini. Ukisimama mbali unaona kiumbe kizima. Ukisogea unaona vipande, kila kimoja kimelalia upande wake. Sabuni hapo imekwisha kazi yake, kilichobaki ni rangi. Hakukuomba ufikirie sabuni.

Wangechi ni kinyume chake. Kuna ule mfululizo wake wa katikati ya miaka ya 2000 ambao alibandika juu ya michoro ya zamani ya vitabu vya udaktari, ile ya uvimbe na maradhi ya kizazi cha mwanamke. Mchoro wa ugonjwa unageuka kichwa, halafu juu yake yanakuja macho na midomo kutoka magazetini, manyoya, vimetameta. Pale karatasi haikunyamaza hata kidogo. Mtazamaji lazima ajue kuwa daktari fulani aliwahi kumchora mwanamke kama kundi la maradhi, la sivyo nusu ya picha inampita. Hayo manyoya unayoyasema wewe ni mapambo tu. Uti wa mgongo ni ule ukurasa wa chini.

Na El Anatsui anafanya yote mawili kwa mpigo, ndiyo maana namwonea wivu. Ni Mghana, kazaliwa 1944, mwaka 1975 alihamia Nsukka, Nigeria, akafundisha chuo kikuu miaka mingi hadi akastaafu. Vifuniko vya chupa za pombe kali vinapigwa bapa, vinakunjwa, vinatobolewa na kushonwa kwa waya wa shaba, maelfu kwa maelfu. Kwa mbali ni kitambaa cha kifalme kimeshuka ukutani. Kwa karibu unasoma majina ya pombe, na hapo ndipo unapokumbuka kuwa pombe ilikuwa bidhaa ya biashara ya Wazungu katika pwani ile, pamoja na ile ya watumwa. Tena hasemi kitundikwe vipi. Wanaotundika wanapanga mikunjo wenyewe, kila ukumbi kazi inatoka na sura nyingine. Maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, yalimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha mwaka 2015.

Huyu na Karuga, kama hukujua, waliwahi kuonyesha pamoja: Studio Museum ya Harlem, New York, 1990, naye mama akiwa mwanamke pekee katika kundi lile. Enzi hizo Anatsui alikuwa bado na mbao zake, anazichana kwa msumeno wa mashine na kuzichoma alama.

Kuhusu kuiga. Elimo Njau, Mtanzania wa Kilimanjaro aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka 1965, alikuwa akiwaambia wasanii kuwa kuiga humlaza Mungu usingizi. Nakubaliana naye, lakini kukata magazeti si kumwiga mtu. Hannah Höch alikuwa akiyakata Berlin baada ya vita vya kwanza, Romare Bearden akayakata New York miaka ya 1960 kuwatengeneza watu wa Harlem. Mkasi hauna mwenyewe. Kuiga ni kuchukua jibu la mtu mwingine kwa swali ambalo wewe hukuliuliza. Na anayeganda kwenye manyoya ya Wangechi ajue mwenyewe alishahama: tangu hapo amefanya udongo mwekundu wa Nairobi, amefanya shaba, na mwaka 2019 wanawake wake wanne wa shaba walikaa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kwenye vishubaka vilivyokaa vitupu tangu 1902.

Mtaje bila woga. Ila andika ulichochukua kwake na ulichokiacha.

Mimi, kwa mfano, nabandika risiti za dukani. Za siku hizi hazina wino, zinachapwa kwa joto, na mwanga ukizipata zinafifia hadi zinabaki nyeupe. Mteja mmoja alinipigia simu analalama kuwa picha inafutika. Nikamwambia, "Ndiyo picha yenyewe hiyo, mzee." Sentensi ya kwanza ya ukurasa wangu inasema: natumia karatasi ambayo haikukusudiwa kutunzwa. Basi. Hakuna jadi wala usasa humo.

MtotoWaKinondoni (Dar)

Mwalimu heshima yako, umeshusha darasa. Ila mimi nina neno, na usinichukulie vibaya.

Tunaipamba shida. Karuga hakuwa na hela ya rangi, akatumia pakiti. Mzee wetu Edward Saidi Tingatinga alipoanza hapa Dar mwaka 1968 alitumia rangi za kung'aa za kupakia baiskeli na vipande vya bodi za ujenzi kwa sababu ndivyo vilivyopatikana. Hiyo ni bei tu, sasa falsafa imetoka wapi? Leo unakuta msanii ana gari, anamtuma kijana dampo amletee makopo, kisha anaandika kurasa tatu kuhusu "sauti ya taka". Wageni wanapenda Mwafrika aokote, basi nasi tunaokota. Dada, ukiwa na uwezo wa kanvasi kesho utaendelea na silingibodi? Hapo ndipo ukweli ulipo.

MwalimuMsasa (Nairobi)

Sikuchukulii vibaya, hoja yako ina meno. Kuhusu hao wa kurasa tatu tuko pamoja, nimekaa kwenye ufunguzi wa maonyesho yao nikisubiri sambusa.

Lakini kilichomwanzisha mtu na kilichomfanya abaki ni mambo mawili. Anatsui alipoanza na vifuniko alikuwa mwalimu wa chuo kikuu mwenye mshahara, na mbao zake zilikuwa zimeshampa jina. Alivichagua. Na hao waliomfuata Tingatinga, wengi walipata uwezo wa kununua rangi nyingine, wakabaki na ile ile ya kung'aa, kwa sababu ndiyo iliyozaa mtindo: rangi bapa, ukingo mkali, madoa yaliyokaa wima bila kuchuruzika. Rangi ya maji ingewapa chui mwingine kabisa.

Swali lako la kanvasi ni zuri, nalihamishia kwa binti.

BintiChumbageni (Tanga)

Asanteni sana, Mwalimu na kaka wa Kinondoni.

Silingibodi nikipata hela naiacha kesho asubuhi, sidanganyi. Khanga siachi.

Nimezitoa picha zote nikazipanga sakafuni nizitazame kwa swali la Mwalimu. Pindo natumia kwa mashavu na shingo, mji, pale katikati ya khanga, unakuwa kilemba, na jina, yale maandishi yake, nimelikata karibu kila mahali, limebaki kwenye kopo la mabaki. Isipokuwa bibi mmoja tu, ambaye mtaa mzima ulimsema vibaya kwa jambo ambalo halikuwa lake. Huyo nimempitishia maandishi mdomoni: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Hiyo ndiyo picha ambayo kila anayekuja nyumbani anasimama mbele yake, na wanawake wanacheka kabla ya wanaume.

Kwa hiyo nitaandika kuwa khanga zangu zina maneno, na mimi ndiye ninayeamua bibi yupi aseme na yupi akae kimya. Wangechi nitamtaja: nimejifunza kwake kwamba cha chini kisizibwe chote. Viumbe vyake namwachia mwenyewe.

Sasa shida ya kweli. Pakiti za chai zinabanduka baada ya wiki chache, na khanga zinaota ukungu. Nifanyeje, na ijumaa ijayo napeleka kazi?

FundiFremu (Mombasa)

Hapo nimefika mimi, maana huku pia ukungu ni jirani.

Pakiti ya chai ina ngozi ya plastiki au foili, gundi ya maji haiingii. Ibandue ile ngozi kama inatoka. Isipotoka, piga msasa laini upande wa gundi hadi upoteze mng'ao. Khanga ifue itoke wanga, ianike ikauke kweli kweli, na uipime kwa kitambaa cheupe chenye maji: ikichuja rangi, usiipitishie rangi ya maji juu. Tumia gundi nyeupe ya mbao, uipake nyembamba pande zote mbili, uweke uzito juu usiku kucha. Uji wa ngano usiutumie kabisa pwani, huo ni chakula cha ukungu na mende.

Kwenye fremu, kioo kisiguse kazi. Weka vijiti vyembamba pembeni hewa ipite, na mwambie mnunuzi asitundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Na hiyo silingibodi ipake rangi nyuma pia, la sivyo itapinda kabla hujafika Chalinze.