Mtoto mwenye selimundu ameambiwa moyo wake una sauti ya ziada: je, ni ugonjwa wa moyo?

Mama wa Newala:
Habari zenu, ndugu. Mwanangu wa miaka 9 ana selimundu, iliyogundulika alipokuwa na mwaka mmoja baada ya viganja na nyayo zake kuvimba. Wiki iliyopita alipata homa, nikampeleka kituo cha afya, na tabibu alipomsikiliza kifua akasema moyo una sauti ya ziada, huenda una tundu. Hakueleza zaidi. Damu yake ilikuwa gramu 7.2. Tangu siku hiyo nimemzuia kucheza mpira, na bibi yake hataki hata ashike kidumu cha maji. Naomba kufahamishwa: selimundu ndiyo imeharibu moyo, au mtoto ana magonjwa mawili?

Tabibu mstaafu, Lindi:
Pole sana, mama. Sauti ya ziada husikika kwa wagonjwa wengi wa selimundu, na mara nyingi haitokani na tundu. Chembe nyekundu za mtu mwenye afya huishi siku 120 hivi. Za mwanao huishi kati ya siku 10 na 20 tu, kwa hiyo damu yake ni chache wakati wote, na moyo hulazimika kufidia upungufu huo kwa kusukuma damu nyingi zaidi katika kila pigo. Ukifanya hivyo kwa miaka, chumba cha kushoto hutanuka. Damu nyepesi inayopita kwa kasi kwenye vali, yaani milango ya moyo, ndiyo hutoa sauti hiyo. Hata hivyo, tundu halikanushwi kwa sikio, bali kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti.

Nguvu ya kusukuma kwa kawaida hubaki nzuri. Kinachonitia mashaka zaidi ni moyo kushindwa kulegea na kujaa vizuri, pamoja na shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu, kwa sababu chembe zinapopasuka humwaga hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, nayo hula nitriki oksaidi, gesi inayoilegeza mishipa. Ombeni eko wakati mtoto ametulia, si katikati ya maumivu wala damu ikiwa imeshuka sana, maana majibu ya siku hizo hupotosha. Ulizeni kwanza hospitali ya kanda pale Mtwara kabla ya kupanga safari ya Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Mpira asinyimwe moja kwa moja. Acheze, apumzike anapochoka, na anywe maji mengi.

Mgonjwa, Masasi:
Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe, ila naomba mama asitulie kupita kiasi. Mimi nina miaka 31. Nilipokuwa na miaka 27 nilianza kukaa chini mara mbili nikipanda kilima kwenda shamba la mikorosho, nikidhani ni upungufu wa damu niliouzoea. Eko ilionyesha damu ikirudi nyuma kwenye vali ya upande wa kulia kwa kasi inayozidi mita 2.5 kwa sekunde, kiwango ambacho kwa watu wazima huwafanya madaktari wachunguze zaidi shinikizo la mapafu. Peke yake hakithibitishi ugonjwa, lakini ningelikijua mapema nisingelikaa nacho kimya. Natumia haidroksiyurea, dawa ambayo huongeza hemoglobini ya kijusi, ile ya mtoto akiwa tumboni, na kupunguza kupasuka kwa chembe. Mama aulize kama mtoto ameandikiwa. Halafu baridi ya Newala ya Juni na Julai, wewe unaijua: sweta lisikosekane.

Mama wa Newala:
Nawashukuru sana, mzee wangu na kaka yangu. Hajaandikiwa dawa hiyo. Je, naweza kusubiri hadi tuuze korosho ndipo nimpeleke eko?

Tabibu mstaafu, Lindi:
Kama anacheza, anakula na analala bila shida, wiki chache haziharibu kitu, lakini dawa iulizieni kliniki ijayo. Akihema akiwa amekaa, akivimba miguu, akizimia, au kifua kikimuuma pamoja na homa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Korosho zitauzwa na wengine.