Tupeane uzoefu: uliwahi kulala njaa ukaona haya kupokea chakula cha msaada?

Mama wa Kayole
Wadau, hili nimelibeba tangu 2020. Corona ilipoingia, mzee wangu alisimamishwa kazi hotelini, na vibarua vyangu vya kufua vikaisha kwa sababu hakuna aliyetaka mtu wa nje nyumbani kwake. Mzee wa nyumba kumi akaandika jina langu, tukaitwa uwanjani: unga pakiti mbili, maharagwe, mafuta, sabuni. Lakini kwanza unasimama na mfuko kifuani, unapigwa picha. Mfuko wenyewe ulikuwa na maandishi makubwa mekundu. Nilipofika kona ya ploti yetu nilitoa vitu vyote, nikaugeuza mfuko ndani nje, nikavirudisha, ndipo nikapanda ngazi.

Jumapili picha ikawa kwenye grupu ya WhatsApp ya kanisa. Binti yangu ndiye aliyenionyesha simu. Hakusema neno. Nilipoitwa mara ya pili sikwenda, na nyumbani hakukuwa na kitu. Nyinyi mlifanyaje?

Mjengo Mukuru
Pole sana mama. Kwetu foleni ilikuwa ya akina mama. Mwanaume akisimama pale anaulizwa, "na mikono yote hiyo, umekosa nini?" Kazi za mjengo zilikuwa zimekauka. Saa kumi na moja asubuhi, kafyu ikiisha, natoka na buti za kazi, naketi nje ya geti Industrial Area hadi saa saba, majirani wajue niko kazini. Aliyeenda kwenye foleni ni mke wangu, mimba ya miezi saba. Hiyo inaniuma kuliko njaa yenyewe.

Mwalimu Eastlands
Nafundisha shule ya msingi ya umma. Zamani kengele ya mchana ikilia, kuna watoto walikuwa wananiambia, "mwalimu, naenda kula nyumbani." Siku moja nikamfuata mmoja. Alikunywa maji bombani, akakaa nyuma ya vyoo, kisha akarudi darasani akijifuta mdomo kama aliyeshiba.

Dishi na County, ule mpango wa Kaunti ya Nairobi wa chakula shuleni, ulipoanza 2023, mlo ukawa shilingi 5. Mzazi anaweka pesa kwa M-Pesa, mtoto anagusisha bangili ya mkononi, anapakuliwa. Hakuna kuitwa majina mbele ya wenzake. Kuna mama niliwahi kumtumia shilingi 100, hiyo ni wiki nne za shule. Mtoto hajui hadi leo.

Mgawaji
Mimi niko upande wa kugawa, kanisani. Picha anayedai ni mfadhili, ajue pesa yake imefika. Tulibishana naye karibu mwaka mzima. Sasa tunapiga picha magunia tu, watu wanatia sahihi. Vyakula vinapelekwa na bodaboda jioni, au tunalipa deni la mtu kwa mama mboga, aanze kukopa upya. Mama wa Kayole, kwa niaba ya waliokushikisha mfuko ule, nisamehe.

Ngara Ndani
Mjue pia hekalu za Makalasinga. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini kwenye mstari pamoja na wengine, mwenye gari na asiye na nauli. Dengu na chapati. Hakuna anayekuuliza kitambulisho. Nilikula huko miezi miwili nikitafuta kazi.

Kifunguamimba
Mamangu ana miaka 74, alikataa kuandikishwa Inua Jamii, zile pesa za serikali kwa wazee, ati ataitwa mla vya serikali. Ni 2,000 kwa mwezi! Nikamsomea Katiba ya 2010, kifungu cha 43, kwamba kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Akaniambia nirudie. Kesho yake tulienda kwa chifu.

Mama wa Kayole
Asanteni, nimesoma nikilia. Mgawaji, yamekwisha. Jirani yangu wa chini ana watoto wawili, na leo ni siku ya tatu sijasikia harufu ya kitunguu kwake. Githeri iko jikoni. Nitamwambia nimekosea kipimo, anisaidie kumaliza.