Siku ile Zimmerman aliachiliwa ulikuwa wapi? Na wewe ulishaitwa mwizi juu ya sura tu? Tupeane uzoefu

Mwana_Ndosho (Goma)

Wakubwa, wadogo, salamu kwenu. Hii kitu imenikaa mu roho miaka mingi, leo acha niitoe, na nyinyi mtoe zenu.

Tarehe 14 mwezi wa saba 2013, siku ya Yenga (Jumapili), asubuhi kabla ya misa, redio inasema kule Florida juri imemwachilia George Zimmerman, yule aliyemuua kijana Trayvon Martin. Kwao ilikuwa bado siku ya Posho (Jumamosi) usiku, kwetu saa kumi za alfajiri. Tulikasirika kama vile marehemu alikuwa wa avenyi yetu, tukasimama pale kwa mama wa mandazi tunabishana, huyu anapiga kelele huyu anatukana Marekani yote, alafu mchana ule ule mabomu yakaanza kulia upande wa Mutaho, jeshi na waasi wa M23, na Florida ikaishia hapo. Njo vile Goma iko, hata hasira ya kumlilia mtoto wa watu hupati nafasi ya kuimaliza.

Kwa wale waliokuwa wadogo: Trayvon Martin alikuwa na miaka 17, tarehe 26 mwezi wa pili 2012 alitoka dukani na bomboni na kinywaji, mvua inanyesha, amevaa kapushoni, ile kofia ya koti, anarudi pale baba yake alikuwa amefikia, mji wa Sanford. Zimmerman alikuwa na miaka 28, si polisi, ni mtu wa kulinda kartye (mtaa) tu, ile kartye ilikuwa imeibiwa mara nyingi. Akapigia polisi simu kwamba kuna mtu wa kushuku, wakamwambia hakuna haja ya kumfuata. Kilichofuata mnakijua: ugomvi, risasi, Trayvon akafa. Zikapita siku 44 ndipo wakamshika.

Sasa yangu. Mwezi wa 11 2012 M23 walipoingia Goma, gereza la Munzenze lilifunguka, wafungwa zaidi ya 1,000 wakatoka. Mwanzo wa 2013 hatukuwa tunalala. Vijana wa avenyi tukaanza ronda, firimbi, fimbo, tochi. Usiku moja wa mwezi wa pili, baridi, manyunyu, tukaona kijana anashuka peke yake, kapushoni kichwani, mikono mifukoni, hatumjui. Nani alisema tumsimamishe? Mimi. Tukampekua tukakuta simu 6. Simu sita! Nani anatembea na simu sita saa tatu usiku? Hatukumwacha hata amalize sentensi. Mimi nilipiga kwanza.

Mama mmoja njo alitoka na taa akaona simu yake mkononi mwetu, akaanza kulia, anasema nyinyi wendawazimu, umeme haupo siku nne, huyu mtoto wa dada yangu amefika juzi, nilimtuma kushaji simu za nyumba yote kwenye grupu, ile jenereta, pale barabarani.

Alipoteza jino la mbele. Miezi mitano baadaye, pale kwa mama wa mandazi, mimi njo nilikuwa napiga kelele kushinda wote.

Mama_Nguba (Bukavu)

Weee. Mwanangu umenitoa machozi na umenikasirisha pamoja.

Mi siku hiyo ya 2013 sikumbuki kabisa. Mi nakumbuka picha za Lyoya. Patrick Lyoya, mtoto wa Kongo, miaka 26, Grand Rapids, tarehe 4 mwezi wa 4 2022, polisi alimsimamisha juu ya plake ya gari haifanani na gari, wakagombania ile kifaa ya umeme, polisi akampiga risasi ya nyuma ya kichwa akiwa amelala kifudifudi. Mi nilikuwa naangalia habari bila sauti, napanga sombe, mara natia sauti nasikia wazazi wanaongea Kiswahili. Kiswahili chetu hiki! Na mtu pembeni anawageuzia mu Kingereza. Nikaacha sombe ikaungua. Nilizoea hizo kesi ni za Wamarekani weusi, mbali, na unaona huruma ya kawaida, lakini ukisikia mama analia mu luga yako ni kitu ingine.

Avoka_Mdogo (Goma)

Naomba niseme kitu ambacho mtanichukia.

Kesi ya Zimmerman, watu wanasema juri ilisema kuua Trayvon si kosa. Hapana. Kule Florida kesi ambayo haina hukumu ya kifo inaamuliwa na watu 6, na hapo walikuwa wanawake 6. Hawakuulizwa kama Zimmerman ni mtu mzuri. Waliulizwa kama parke, yaani wenye kushitaki, imeonyesha, bila shaka yoyote ya maana, kwamba hakuwa anajitetea. Na yule mwingine wa ule ugomvi alikuwa ameisha kufa. Shaka ikabaki, na shaka ni ya mshitakiwa. Kuna pia ile sheria ya Florida ya 2005, kwamba mtu hana lazima ya kurudi nyuma kabla ya kujitetea. Avoka wake hawakuiegemea lakini maneno yake yalikuwa ndani ya maelezo juji alisomea juri. Walikaa saa zaidi ya 16 wakitafakari, hawakuamua kwa kukimbia.

Uzoefu wangu: 2014 nilikuwa bado mwanafunzi wa sheria, nikaenda kufuatilia kesi ya Minova hapa Goma, ya askari walioshitakiwa ubakaji na makosa mengine. Askari 39. Wanawake walikuja kutoa ushahidi wamefunikwa kichwa mpaka miguu wasijulikane. Tarehe 5 mwezi wa 5 hukumu ikatoka, waliopatikana na kosa la ubakaji ni 2. Wawili! Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka pale, sikuweza hata kupanda moto (pikipiki). Kwa hiyo msinifikirie nina roho ya jiwe. Najua tu kwamba hakuna ushahidi na hakuna kosa ni vitu viwili, na sisi tunavichanganya kila siku.

Miye_Wa_Kenya (Lubumbashi)

Mukubwa avoka, sheria ilifuatwa, sawa. Ata 1955 ku Mississippi sheria ilifuatwa, batu 12 bote bazungu banaume, saa moja na dakika kidogo bakasema bale babili habana kosa ya kuua Emmett Till, mutoto wa miaka 14. Kisha myezi kidogo benyewe bakakubali mu gazeti kama njo baliua, na bakalipwa, na hakuna wa kubagusa juu kesi ilikwisha. Ile ulisomaka ku iniversité ao balirukaka?

Na huku kwetu. Kilwa, mwezi wa kumi 2004, jeshi ilikuya kufukuza waasi bachache sana, bakafa batu zaidi ya 70. Motokari na ndege za kompanyi ya madini ya bageni njo zilibeba askari. Tarehe 28 mwezi wa sita 2007, hapa Lubumbashi, tribinali ya jeshi ikasema ku mambo ya Kilwa hakuna mwenye kosa, askari hapana, na bafanyakazi batatu ba kompanyi hapana. Miye nilikuwa ku soko ya Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, nauzisha makala na mama yangu. Mama mumoja wa kule upande wa Pweto alisikia ku redio, hakulia, hakusema kitu, alianza tu kuhesabu majina na vidole, akafika mwisho wa vidole akaanza tena. Njo pale nilijuaka hukumu iko namna gani.

Kwa hiyo 2013 balipokuwa banashangaa Marekani, miye sikushangaa.

Muzee_Kamba (Lubumbashi)

Watoto, mnaongea sura, mimi niongee luga. Mimi baba ni wa Kasai, nilizaliwa Likasi, sijawahi kuona Kasai mpaka 1993. Mwaka wa 1992 majirani walianza kutuita bilulu, wadudu. Walitujulia jina na namna ya kusema Kiswahili. Tukalala kwenye stesheni ya Likasi wiki na wiki tukingoja gari la moshi, watoto walikufa pale. Yule aliyekuja kutufukuza nyumbani alikuwa ananiita yaya tangu utoto. Hakuna kesi iliyofanyika juu yetu, kwa hiyo hata hukumu ya kukasirikia hatuna.

Nilirudi 1999. Yeye ananisalimia.

Dada_Bagira (Grand Rapids)

Mimi ni wa Bukavu, Bagira, niko huku tangu 2016. Mama Nguba umesema kweli kuhusu luga. Mazishi ya Lyoya kanisa lilijaa, tulikuwa tunaimba Kiswahili na watu wa hapa wanaimba vyao.

Mwezi wa 5 2025, mu kesi ya ule polisi aliyemuua, juri ilikaa siku kadhaa ikashindwa kukubaliana, juji akavunja kesi, kisha wiki mbili hivi mtu wa parke akasema hatairudia. Si kuachiliwa kama kwa Zimmerman, lakini ule polisi amerudi kwake. Nilikuwa kazini, tunapanga vitu kwenye maboksi, mwenzangu muzungu, mtu mzuri kabisa, akaniuliza polepole lakini kwa nini alikimbia? Nikataka kumjibu nikakosa maneno. Ningemwambiaje? Kwetu mtu wa silaha akikusimamisha usiku, miguu inakimbia mbele ya akili.

Nimefundisha kijana wangu aliye na miaka 17: wakikusimamisha, weka mikono juu ya usukani, washa taa ya ndani, usitafute karatasi mpaka waseme. Akaniuliza nilijifunzia wapi hii yote. Nikacheka mpaka nikakohoa. Bukavu! Pale barieri usiku, si baba yetu alikuwa anawasha taa ya ndani mbali kabisa, anashusha vioo, anatuambia hakuna kutikisika? Nimevuka bahari na somo ni lile lile.

Avoka_Mdogo

Dada, hapo sina la kusema. Ila ndugu wa Kenya, Emmett Till tulisoma. Umenishika.

Kijana_Birere (Goma)

Mimi sijui mambo ya 2013, nilikuwa darasa la pili. Lakini mimi nina pua ndefu na mimi ni mrefu, na nyinyi watu wa Goma mnajua hiyo ina maana gani tangu vita zirudi: mtu anakuchukulia Mtutsi, anakuita M23. 2022, siku moja ya maandamano, nilikuwa natoka Katindo, watu wakasimamisha moto yangu wakauliza kabila. Nikasema, hawakuamini. Wakaniambia sema kitu na luga yenu. Mimi nimezaliwa mjini, Kinande changu ni cha kusalimia bibi tu! Niliimba wimbo wa kanisa wa bibi, nilisahau ubeti wa pili nikarudia wa kwanza mara tatu, natetemeka. Wakaniacha. Wengine wamekufa mu huu mji juu hawakuwa na wimbo, na hakuna hata anayeulizia kesi.

Kwa hiyo Obama aliposema Trayvon angeweza kuwa yeye miaka 35 nyuma, mimi nilisoma hiyo baadaye sana, na nilielewa bila kufafanuliwa.

Mama_Nguba

Mwanangu nimesoma yako mara mbili. Mungu akulinde.

Na wewe mwenye kuanzisha, Mwana Ndosho, mbona umekimbia? Umeturushia jino la mtoto wa watu kisha kimya. Uliomba msamaha ao hapana? Jibu.

Mwana_Ndosho

Mama sijakimbia, nilikuwa nasoma, na ya huyu kijana wa Birere imenikalisha chini.

Usiku ule chefu wa nyumba kumi aliamua tutoe kila mtu dola 5 za dawa. Tulikuwa 7. Mimi nilitoa, nikaona nimemaliza. Hakuna polisi aliyeitwa, hakuna karatasi, yule mama hakutaka makelele na majirani. Ukifikiria vizuri sisi tuliachiliwa kabla hata ya juri kukaa.

Kijana leo ni motari. Anapaki pale Signers, na kwa sababu nafanya kazi upande huo ananibeba karibu kila wiki. Ananijua, najua ananijua. Aliwekewa jino lingine, ni jeupe kushinda mengine, akicheka na wenzake unaliona. Tunaongea mvua, bei ya mafuta, barabara mbovu. Mara moja mwaka jana nilianza kusema, nikasema sikiliza ndugu yangu, ule usiku. Akaongeza mwendo, upepo ukawa mwingi, akasema sijasikia papa. Tulipofika nikamlipa, akanirudishia chenji yote kamili, mpaka ile mia mbili ambayo hakuna motari wa Goma anairudishaka.