Kulala kwenye hema kando ya kijito ndani ya hifadhi, ni mara yetu ya kwanza. Hema tulipige wapi?

KobeMwendo
Habari zenu wakuu. Mimi na wife tumepata kibali cha kulala siku mbili ndani kabisa ya hifadhi ya taifa, sio zile kambi za karibu na barabara zenye bomba na choo, yani huku unatembea na nyumba yako mgongoni. Njia inafuata kijito kilomita 9 kwenda juu na unarudi palepale ulipopita, inavuka maji mara tano au sita na madaraja hamna. Kibali kinasema unaweza kulala popote ndani ya eneo ulilopangiwa ila uwe mbali kidogo na maji.

Sasa wife ameona picha ya sehemu moja huko juu, kamchanga kasafi, kamelala sawa kabisa, hatua kama tatu tu toka kwenye maji, na keshaamua tunalala pale. Mimi roho inasita ila sina hoja ya kumpa zaidi ya "kibali kinasema". Ni kiangazi, mvua hamna, maji yenyewe kwenye picha hayafiki hata kwenye goti. Kuna ubaya gani kweli au ni sheria tu za kwenye karatasi? Alafu maji ya kunywa, tuna chujio dogo lile la kukamua kwa mkono, linatosha au lazima tuchemshe? Na viatu, pale pa kuvuka mnavua au mnapita navyo hivohivo?

BabuNjia
Mkuu, muulize shemeji swali moja tu, huo mchanga nani aliusawazisha? Huko hakuna greda wala mtu wa kufagia, ni maji ndo yamepita hapo yakautandika, na yalikuja kwa nguvu ya kutosha kuubeba kutoka juu huko. Maana yake pale ni ndani ya kijito, kimeondoka tu kwa muda.

Hiyo habari ya kiangazi isiwape moyo sana. Mvua sio lazima inyeshe mlipo nyie, inanyesha kilomita nyingi huko juu kwenye mlima, nyie mnaona nyota, afu maji yanakuja usiku mkiwa ndani ya mfuko wa kulalia zipu imefika shingoni. Tarehe 7 Agosti 1996 huko Biescas, Hispania, kwenye milima ya Pyrenees, mvua ilishuka kwenye bonde la kijito kinaitwa Arás, yakaja maji na mawe na magogo yakapita juu ya kambi ya watalii, walikufa watu 87. Na ile ilikuwa kambi rasmi, watu walilipa wakaonyeshwa pa kulala. Agosti, kiangazi cha kwao.

Mkifika angalia vitu hivi kabla ya kushusha begi. Tazama matawi ya vichaka pembeni ya maji, kama kuna manyasi makavu na takataka zimenasa kwenye urefu wa kiuno chako basi maji yalishafika kiunoni hapo, hakuna cha kubishana. Angalia majani ya chini kama yamelala yote upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Ukiona hivo panda juu. Mara nyingi vijito vina kangazi, yani unapanda mita tatu nne kwenda juu unakuta tena sehemu tambarare yenye udongo na miti mikubwa iliyonyooka, hapo ndo pa kulala, sauti ya maji bado mnaisikia vizuri tu. Watu wengi tunatumia umbali wa mita 60 toka kwenye maji, ni kama hatua 80 za mtu mzima, hesabu tu kwa miguu.

Na ukishapata sehemu inua kichwa. Mti mkavu uliosimama au tawi lililovunjika likaning'inia juu ya hema ni mbaya kuliko hata hayo maji, maana lenyewe halihitaji mvua, upepo kidogo tu.

Mzururaji88
Mnapenda sana kutisha watu. Mi nalala kando ya vijito miaka sasa, hema karibu liguse maji, na nipo hapa naandika.

MamaHema
Mzururaji wale ambao hawapo hawawezi kuja kuandika humu kaka 😅

Lakini ntakuunga mkono kidogo, kwa usiku wa kawaida mafuriko hayatakupata. Kitakachokupata ni baridi na kulowa. Hewa ya baridi ni nzito, jua likizama inateremka pole pole toka mlimani inajaa bondeni kama maji kwenye beseni, na kijito kiko wapi? Chini kabisa ya beseni. Nilishalala hatua mbili toka kwenye maji, asubuhi naamka hema linadondosha matone ndani nikafikiri limetoboka, kumbe ni pumzi zetu wenyewe na unyevu wa kijito vimegonga kitambaa cha baridi vikageuka maji, mifuko ya kulalia imelowa upande wa miguuni, na hapo bado tuna usiku mmoja mbele. Wenzetu walikuwa wamelala juu kidogo, sio mbali, pale tu mteremko unapoanza, waliamka wakavu na walivua majaketi kabla yetu. Toka siku hiyo napanda juu na naacha madirisha ya hema wazi hata kama kuna baridi, ukifunga kila kitu ndo unalowa zaidi.

Kingine ambacho dada hatakipenda sana, ile sauti ya maji inafunika sauti zote. Mchana mkitembea pigeni stori kwa nguvu hasa kwenye kona, maana mnyama hawasikii nyie na nyie hamumsikii yeye, mnakutana uso kwa uso. Usiku ni vilevile, kitu kinaweza kuja mpaka kwenye kamba za hema na usijue.

TumboMoto
Mimi ni mtu wa maji, sababu jina langu linajieleza.

Chujio la kukamua ni zuri ila lijue. Yale yenye vimirija vyembamba ndani yanakamata bakteria na vile vijidudu vikubwa zaidi kama giardia na cryptosporidium, virusi ni vidogo mno vinapita. Huko juu kusikokuwa na makazi ya watu virusi sio shida kubwa, lakini kama kuna watu wengi wanalala juu yenu basi chuja alafu chemsha. Kuchemsha ni hadi yatokote sawasawa dakika moja, mkiwa juu ya mita 2,000 fanya dakika tatu, kwa sababu huko maji yanachemka kabla hayajawa na moto wa kutosha. Vidonge vya klorini vya kawaida usivitegemee peke yake, cryptosporidium inavicheka.

Na hili hakuna aliyeniambia mimi: chujio likiganda barafu limekufa. Vile vimirija vinapasuka ndani na kwa nje huoni kitu, linaendelea kutoa maji masafi kwa macho. Likishatumika mara ya kwanza linabaki na maji ndani, kwahiyo usiku wa baridi lifunge kwenye mfuko wa plastiki ulale nalo.

Mimi nilikunywa moja kwa moja, kijito cheupe kama kioo, nikajiona mjanja. Nikarudi nyumbani mzima. Siku kama kumi baadae ndo tumbo likaanza, gesi, kuharisha, kuchoka, na nikalaumu chakula cha watu wasio na hatia. Giardia inachukua wiki moja mpaka mbili kujitokeza, ndo maana wengi wanaapa kwamba maji ya mlimani hayajawahi kuwafanya kitu.

Na haja kubwa jamani, shimo la sentimita 15 hadi 20, na mita zilezile 60 toka kwenye maji. Wa chini wanakunywa. Sabuni pia usiingize kijitoni hata ikiandikwa ni ya asili, chota maji ukaogee mbali.

NyayoZangu
Nimeona swali la viatu limerukwa. Pita navyo. Mawe ya kijitoni yanateleza na kuna yenye ncha, ukikata unyayo kilomita 7 toka kwenye gari mkeo ndo atakubeba. Vua soksi tu, vaa viatu bila soksi, ukitoka ng'ambo mwaga maji vaa soksi kavu. Au beba sandozi zenye kamba ya kisigino, sio ndala.

Kabla hujaingia fungua mkanda wa kiunoni na wa kifuani wa begi, ukianguka ulitupe. Tafuta palipo papana, maji yakitawanyika yanakuwa mafupi na mapole, pale pembamba ndo yana kasi. Tazama na huko chini yanakoelekea, kama kuna gogo limelala majini usivukie upande wa juu wake yanakotoka maji, ukichukuliwa yanakubandika hapo na hutoki. Ingia umeangalia maji yanakotoka, fimbo mbele yako, hamisha kimoja kimoja, kama ni mguu basi ni mguu tu. Usidharau kina kifupi, sentimita 15 za maji ya kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, spidi ikiongezeka mara mbili msukumo unakuwa mara nne. Na kama kijito chenu kinatoka kwenye theluji vukeni asubuhi mapema, mchana jua linayeyusha na jioni kinakuwa kimepanda. Kuna watu wamevuka kwenda fresh, wakashindwa kurudi saa kumi jioni.

KobeMwendo
Wakuu nimewasomea wote kwa sauti. Swali la "nani aliusawazisha" limemaliza kesi, amenyamaza kama dakika nzima afu akasema sawa tulale juu ila chai tunakunywa kwenye mchanga. Nimekubali haraka kabla hajabadilisha. Sasa chakula usiku tunaweka wapi, ndani ya hema?

MamaHema
Ndani ya hema hapana kabisa, hata dawa ya meno na mafuta ya mdomo. Kwanza ulizeni hifadhi yenu inataka nini, nyingine zinalazimisha kale kadebe kagumu ka kufunga, nyingine wameweka nyaya za kuning'iniza. Kama hawana sheria, mfuko mmoja, kamba, tawi zuri, uning'inie mita nne juu na uwe mbali na shina karibu mita mbili. Kupika na kula iwe mbali na hema, hatua zilezile 80. Kwahiyo hiyo chai ya mchangani kwa kweli ni wazo zuri, shemeji hajakosea. Msipikie ndani ya hema hata kukiwa na baridi ya namna gani, ile hewa ya jiko inaua kimyakimya.

BabuNjia
Mkiwa mnakunywa hiyo chai chomekeni kijiti pale maji yanapoishia. Kila mkipita angalieni. Maji yakipita kijiti, au yakageuka rangi ya udongo, au yakaanza kuleta majani na vijiti vingi ghafla, acheni vikombe mpande juu. Na mwachie mtu wa nyumbani ratiba, saa ngapi mnatoka na saa ngapi aanze kupiga simu. Mkirudi leteni mrejesho.

KobeMwendo
Mrejesho. Tumerudi wazima. Tulilala juu kwenye kangazi, miti mikubwa, ardhi kavu. Kijiti hakikuguswa siku zote mbili, Mzururaji furahi. Ila asubuhi ya pili tumeshuka na sufuria tukakuta mchanga wote mweupe, barafu nyembamba imetanda kila jani, huku juu kwetu hata umande haukuwepo wa maana. Gesi nayo ilikuwa imelegea kwa baridi, maji yalichukua muda mrefu kuchemka mpaka nikaupakata mtungi ndani ya jaketi. Chujio nililala nalo. Wife anasema nililikumbatia kuliko yeye.