Winchi ya nanga imechoka: niikarabati au ninunue mpya?

Mwana_Omo

Wakuu, habari za humu. Nina boti ya starehe ya mwaka 1984, futi 40, injini mbili za dizeli. Winchi ya nanga ni ileile iliyokuja nayo: umeme wa volti 12, ya kulala, bodi ya alumini, mnyororo wa milimita 10. Waliokuwa wanaitengeneza walishafunga zamani, kwa hiyo spea za kiwandani nisahau.

Kushusha nanga haina neno. Kupandisha ndiyo kasheshe. Nanga ikishang'oka na uzito wote ukaning'inia, mota inanguruma, mwendo unapungua, kisha breka ya umeme inajikata. Nikiiacha ipoe inavuta mita chache, inakata tena. Halafu chini ya giaboksi kuna oili inavuja, na imekuwa nyeupe-nyeupe.

Fundi mmoja aliitazama akiwa amesimama, hata spana hakushika, akasema "hii imekufa, nunua mpya." Sijaridhika. Nianzie wapi?

kamba_mbili

Nunua mpya mkuu. Miaka yote hiyo imekutumikia, unataka ikufanyie nini tena?

FundiKaboni

Mwana_Omo, usitoe hela kabla hujapima. Hapo una magonjwa mawili, moja la umeme na jingine la maji, na kila moja lina dawa yake.

Kushusha kwako hakuthibitishi chochote, uzito wa nanga ndio unaofanya kazi. Tuje kwenye kupandisha. Mota ya wati 1000 kwa volti 12 inakula ampea zaidi ya 80. Kwa moto huo kila waya mwembamba na kila nati yenye kutu inakudai. Kebo ya milimita za mraba 16, mita 10 kwenda na 10 kurudi, inapoteza karibu volti 1.7 njiani. Ya milimita 35 inapoteza 0.8. Boti nyingi za umri huo zilifungwa kebo nyembamba, na betri iko nyuma kabisa kwenye injini.

Kwa hiyo chukua maltimita, mtu akanyage swichi winchi ikiwa imebeba mzigo, wewe pima kwenye vichwa vya mota yenyewe. Kupima ikiwa imepumzika ni kujidanganya, itakuonyesha 12 na ushee hata kama waya umebaki nyuzi tatu. Ukisoma chini ya 10.5, acha mota, fuata njia ya umeme. Weka ncha za mita pande mbili za relei (swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye mota) wakati inafanya kazi: ikionyesha hata nusu volti, imeungua ndani. Fanya hivyohivyo kwenye kila kiungo, na usisahau upande wa hasi. Watu hubadilisha waya wa chanya tu, hasi inabaki na uchafu wake wa tangu boti inazaliwa.

Volti zikiwa nzuri na bado inanguruma, fungua mota. Kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zikiwa fupi au zimekwama kwenye nyumba zake utaziona mara moja. Kaboni za saizi hiyo hupatikana, na hata ikiwa koili imeungua, fundi wa kusuka mota ataisuka.

Sasa giaboksi. Oili nyeupe maana yake maji ya chumvi yameingia kupitia sili ya shafti, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke na maji yasiingie. Hapa ndipo watu wanadanganywa kuhusu spea. Oili sili haina kiwanda chake, ina namba tatu ubavuni, mfano 35x52x7: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Beringi vilevile. 6205 ni milimita 25 ndani, 52 nje, 15 unene, iwe imetoka kwenye winchi au kwenye mashine ya kufulia. Soma namba, nunua, maliza.

Kinachoamua hatima ya winchi ya alumini ni bodi. Safisha pale sili inapokaa upitishe ukucha. Kama alumini imeliwa mashimo, sili mpya haitashika, labda ikachongwe na kuwekewa bushi, yaani pete mpya ya kukalia sili. Kama kuna ufa kwenye miguu yake, hapo nitakubaliana na fundi wako. Na unapofungua, usipige nyundo. Bolti za chuma cha pua ndani ya alumini hushikana kama zimechomelewa. Weka oili ya kupenya, iache ilale, ipashe moto kidogo, tumia pula (kifaa cha kuvutia vipande vilivyobana).

kamba_mbili

Haya fundi, nimenyamaza. Ila akiamua mpya, aangalie mnyororo kwanza. Wa milimita 10 uko wa viwango viwili: DIN 766 pete yake ina urefu wa ndani milimita 28, ISO 4565 ina 30. Gurudumu la winchi linaloshika mnyororo lisipolingana, mnyororo unaruka meno, tena nanga ikiwa imening'inia.

Mwana_Omo

Nimerudi na majibu. Betri 12.4, kwenye mota 9.6 ikiwa na mzigo. Relei peke yake inakula 1.1, na hasi ilikuwa imefungwa juu ya rangi! Nimebadilisha relei na kusafisha viungo. Sasa mota inapata 11.2 na inapandisha bila kukata.

Giaboksi nimeifungua. Gia ya shaba iko salama, beringi moja ina kutu, na pale sili inapokaa kuna mashimo mawili madogo upande wa chini. Ufa sijauona. Nipeleke ikachongwe?

FundiKaboni

Peleka. Bushi ikae na gundi ya epoksi, na bolti zote uzirudishe na pasti ya kuzuia kutu, la sivyo atakayefungua baada yako atakulaani. Winchi ikiwa nje, gonga sitaha pale ilipokuwa imekaa kwa mpini wa bisibisi. Ikilia butu, mbao ya ndani imeoza na hiyo ni kazi ya kwanza kabla ya winchi yoyote, mpya au ya zamani.

Na kitu kimoja nimekiona kwenye maelezo yako: "nanga ikishang'oka." Nani anaing'oa? Kama ni winchi inayoivuta boti mpaka juu ya nanga, hata mpya utaiua. Songa mbele kwa injini, winchi iokote mnyororo uliolegea tu. Ukishatia nanga, mzigo ukae kwenye kamba iliyofungwa kwenye mnyororo na kushikwa kwenye nguzo ya sitaha, si kwenye meno ya gia.

Mwana_Omo

Ni winchi, mkuu. Hivyo ndivyo aliyeniuzia alivyonionyesha. Bodi inakwenda kwa mchongaji kesho, na sitaha nimeigonga: upande wa kulia inalia butu.