Steringi akimaliza maadui anakula nini? Watunzi wa muvi za mashujaa mmetuchosha

Wakuu, leo nimevurugwa, niacheni niseme.

Hivi nani alipitisha kwamba adui akidondoka na muvi iishe hapo hapo? Steringi anatabasamu na damu mdomoni, majina yanapanda, watu wanatafuta ndala. Kesho yake je? Kodi analipa nani? Kazi yake ilikuwa kupigana na majitu, majitu yameisha, cheti hana, pensheni hana, goti nalo limekwisha. Stori ndiyo kwanza inaanza, na ndipo wanapokimbia kila mara!

Kinachoniuma ni kwamba uwezo wanao. Chukua The Incredibles ya 2004. Shujaa Bob anamdaka mtu aliyejirusha ghorofani, mtu huyo huyo anamburuza mahakamani eti kamuumiza shingo. Kesi zinafululiza, serikali inawazuia mashujaa wote, na Bob, mtu wa kusimamisha treni, anaishia kampuni ya bima, kabanwa nyuma ya kimeza, bosi mfupi anamfokea kisa anawaonyesha wateja njia ya kulipwa. Jioni anarudi na kigari kisichomtosha, akiteleza kidogo akashika paa, paa linabonyea. Siku za Jumatano anamuaga mkewe kwamba anakwenda kucheza na rafiki yake, kumbe wamejificha garini wanasikiliza redio ya polisi, wanangoja wa kumwokoa. Jamani, mtu mzima! Ningemwangalia Bob huyo usiku kucha. Lakini wapi, mara kaitwa kisiwani kupigana na roboti, basi tena.

Halafu tamthilia ya The Falcon and the Winter Soldier ya 2021. Thanos, lile adui lililogeuza nusu ya viumbe wote kuwa vumbi kwa miaka mitano, hayupo. Sam Wilson, ndiye Falcon mwenyewe, anaongozana na dada yake benki, huko Louisiana, kuomba mkopo ili boti ya familia isipotee. Afisa mikopo anamtambua, anachangamka, anataka na picha. Anauliza nyie mashujaa mlikuwa mnaishije, kumbe ni kwa hisani za watu tu. Kuja kwenye makaratasi, miaka mitano hana kipato. Atakipata wapi, wakati alikuwa vumbi na nusu ya viumbe wote? Mkopo hakuna. Picha walitaka lakini!

Kipande kile kina uchungu kuliko vita yoyote ya angani, nacho wamekipa dakika chache, tukarudishwa kwenye mabomu.

Na msiniambie eti haitauza. Sisi ndio tunaomaliza tamthilia za Kituruki za vipindi mia na ushee, ugomvi wa mama mkwe mwanzo mwisho, leo tushindwe kumtazama shujaa kwenye foleni ya benki? Wavivu tu hawa. Maadui wakiwaishia wanafufua mdogo wake adui wa kwanza, ambaye hatukuwahi kusikia kama alizaliwa.

Nataka muvi ya saa mbili isiyo na adui hata wa dawa. Anayeruka apewe kazi ya kupaka rangi maghorofa, agombane na fundi mkuu kuhusu posho. Mwenye mbio za umeme asemwe na mkewe kwa kumaliza sahani watoto hawajanawa mikono.

Na wewe unayekuja kuandika "mkuu, ni muvi tu", pita kimya kimya, uzi huu haukuhusu.