Filamu ya wanafunzi kuhusu nywele: saluni moja, vizazi vitatu au sheria za shule?

MwanaZiwa

Hamjambo wote. Tuko wanne, mwaka wa tatu, tunasomea mawasiliano chuoni huku upande wa Kisumu. Mhadhiri ametupa wiki tatu tulete filamu ya maisha halisi ya dakika kumi, na sote tumekubaliana iwe juu ya nywele. Makubaliano yaliishia hapo. Tuna kamera moja tunayoazimwa na chuo kwa siku tano, simu mbili nzuri, traipodi moja na maiki moja ya kubana kwenye kola.

Mawazo yetu ni matatu. La kwanza, tukae kwenye saluni moja mtaa wa Kondele tangu inapofunguliwa hadi inapofungwa, tumfuate mteja mmoja. La pili, tuende kwa familia moja huko Seme, nyanya, mama na binti, kila mmoja aeleze nywele za ujana wake. La tatu, sheria za nywele shuleni, kwamba msichana anyolewe kwanza ndipo aingie darasani.

Mimi moyo wangu uko kwa la pili. Nyanya yangu alinisuka kwa uzi mweusi hadi nilipofika darasa la nne. Nilikaa chini katikati ya magoti yake, na nikisogea ananigonga begani na kitana. Natamani mtu mwingine aione hali ile. Wenzangu wawili wanalitaka la tatu, na siku zinakwenda. Waliowahi kufanya kazi kama hii, naombeni ushauri.

Msusi wa Kondele

Dada, mimi ni msusi, mwaka wa kumi na moja huu, na sita ya mwisho nimekuwa hapa hapa Kondele. Karibuni saluni, lakini kwanza mjue mnaingia wapi.

Rasta ndogo ndogo za kufika kiunoni, nikishika kichwa peke yangu, ni saa saba au nane. Ndiyo maana tunashika wawili, mara nyingine watatu, mmoja kisogoni na mmoja kila upande, na hela tunagawana. Asiyejua akiona mikono sita kwenye kichwa kimoja hudhani ni fujo, kumbe kila mmoja anamsikiliza mwenzake avute kwa nguvu ile ile, la sivyo upande mmoja utakaza na mwingine utalegea. Kama kamera ingekuwa yangu, ningeiweka hapo, usawa wa mabega ya mteja, mvione vidole. Changu cha shahada kimepasuka pembeni, kwa sababu nywele za pakiti hukata ngozi polepole kama karatasi. Halafu msiondoke kabla ya maji ya moto. Tunachovya zile ncha kwenye jagi, mteja amefungwa taulo mgongoni na kichwa amekilaza nyuma, mvuke unapanda, na yeye aliyeongea tangu asubuhi ananyamaza. Sijui kwa nini, lakini wote hunyamaza hapo.

Msije Ijumaa wala Jumamosi, wala mwisho wa mwezi, na Desemba ndiyo kabisa. Jumanne ndiyo siku yenu. Mwenye saluni tunamlipa kiti kila wiki, wateja wawepo wasiwepo, kwa hiyo kiti mtakachokalia ninyi na mabegi yenu ni kiti ambacho mtu hakusukwa. Mtajua wenyewe mtafidia vipi. Mteja wenu mnunulieni zile pakiti za nywele, atakaa kwa moyo.

Na jambo la heshima. Mwanamke aliyefumuliwa na hajaanza kusukwa hapendi kuonekana. Mwombeni siku moja kabla, msingoje awe tayari kitini.

Mkasi wa Picha

Mimi ni mhariri wa video. Nilifanya filamu ya saluni nikiwa mwanafunzi, katika mji ambao si Kisumu, na nitawaambia ilivyoharibika ili yenu isiharibike.

Tulirekodi siku nzima tukarudi na saa tano za picha. Mahojiano yaliyosikika vizuri hayakufika dakika nne. Blowa ilikuwa imewaka, drai ya kukalia inavuma, na redio iko kwenye rafu tangu asubuhi. Watu hufikiri tatizo la redio ni hakimiliki peke yake. Hilo lipo, wimbo una mwenyewe na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda, lakini la kwanza kukuumiza ni la kukata. Ukiondoa sekunde tatu za kigugumizi katikati ya jibu, wimbo ulio nyuma nao unaruka, na kila mtazamaji anasikia. Mwombeni mwenye saluni azime redio mnapoanza, na msione haya kumwomba.

Taa nazo. Stima yetu ni ya mizunguko 50 kwa sekunde. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde zisipobadilishwa, na chini ya zile taa ndefu za mirija picha hupepesa kama mshumaa. Wekeni picha 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde, basi. Sisi hatukujua, na nusu ya picha zetu zikatupwa.

Kioo kitawaonyesha ninyi na traipodi yenu. Kaeni upande, msisimame nyuma ya mteja.

Zile saa nane za kusuka msizirekodi zote kwa video, mtajaza kumbukumbu kabla ya saa sita mchana. Simu moja iwekeni pembeni ipige picha moja kila baada ya sekunde kumi. Kwa saa sita mtapata picha 2,160, na kwa picha 25 kwa sekunde hizo ni sekunde 86 tu, kichwa kinajaa mbele ya macho ya mtu. Kamera kubwa ibaki kwa ajili ya maneno na mikono.

Kwa hiyo kura yangu ni la kwanza. Kichwa kimoja kina mwanzo na mwisho wake chenyewe, hamhitaji kubuni hadithi.

Mwalimu Kakamega

Habari zenu. Nafundisha sekondari, kwa hiyo nitasema juu ya lile la tatu.

Ni suala zito na linastahili filamu. Lilikwishafika mahakamani. Mwaka 2019 msichana alirudishwa nyumbani na shule Nairobi kwa ajili ya dredi, na Septemba mwaka huo huo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaamua kwamba Urasta ni dini na mtoto huyo hawezi kunyimwa masomo kwa sababu ya nywele za imani yake. Wasichana wengine wengi hawana imani ya kuwatetea. Wanaambiwa tu kwamba nywele zinapoteza muda wa kusoma. Nimesimama langoni Januari nikiona mama akimnyoa binti yake pale pale kando ya sanduku, mtoto analia, na foleni inasonga. Sijaisahau ile picha.

Lakini wanangu, wiki tatu hazitoshi. Kupiga picha ndani ya shule kunahitaji ruhusa ya mwalimu mkuu, naye ataiuliza ofisi ya elimu, nayo itataka barua. Na mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 hamwezi kumrekodi kwa ridhaa yake peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Mkikosa sahihi moja, mtu wenu mkuu ameondoka kwenye filamu.

Anayetaka hilo awatafute watu wazima waliopitia. Mwanamke wa miaka thelathini ameshika picha yake ya kidato cha kwanza atawaambia mengi kuliko mtoto anayeogopa kufukuzwa.

Hapo kwa pakiti za nywele namwunga mkono dada msusi, maana mtu anawapa siku nzima. Fedha mkononi ili mtu aseme jambo fulani, hapana.

Boksi Nakuru

Mbona wanaume hawamo? Nipo Nakuru, nanyoa. Kinyozi anamaliza kichwa kwa nusu saa, kwa hiyo siku moja mnapata vichwa kumi na visa kumi. Kelele ni ya mashine tu, ukiizima pamekuwa kimya. Na ukuta wa kibanda changu umechorwa kwa mkono na fundi wa mtaani, vichwa vya rangi ya mafuta, kimoja cha mbele na kingine cha pembeni, na mteja bado huja akanyoosha kidole. Vibanda vingi sasa vinabandika mabango ya kuchapishwa, na wachoraji wale wanapungua. Hiyo peke yake ni filamu.

Kama mnataka historia, ipo kwenye dredi. Wapiganaji wa Mau Mau waliopigania uhuru waliingia msituni wakatoka na nywele ndefu zilizosokotana. Mzee Dedan Kimathi, kiongozi wao, alikuwa nazo alipokamatwa Oktoba 1956. Muthoni wa Kirima, mpiganaji mwenzao wa kike, alizifuga zake hadi Aprili 2022, zikakatwa Nyeri na Mama Ngina, mjane wa Rais Jomo Kenyatta, na mwaka uliofuata Muthoni akafariki. Fikirieni, nywele zilizoanza kabla ya uhuru zimekatwa juzi.

Mkasi wa Picha

Kaka wa Nakuru, hilo la kuta za kinyozi ni zuri na ningeitazama filamu hiyo hata leo. La msituni litawahitaji picha za kumbukumbu zenye wenyewe, ruhusa na malipo, na nusu ya dakika kumi itakuwa sauti inayosimulia juu ya picha za zamani. Kamera ya kuazima siku tano itumike kwa kitu kinachotokea mbele yake.

Boksi Nakuru

Hapo sawa. Lakini nusu saa dhidi ya saa nane, bado nasema mnajitesa.

Nyar Seme

Nimezaliwa huko mnakotaka kwenda, na nimesoma yote nikiona hamjamsaidia huyu dada na wazo lake mwenyewe.

Kosa si la wazo. Ni hilo neno "aeleze". Mkimketisha mama mzee kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, maiki kifuani, mkamwambia atueleze nywele za zamani, atawapa majibu mafupi ya adabu kama anayejibu karani wa sensa. Mwambie amsuke mjukuu. Mpeni kitana na uzi, msichana akae chini katikati ya magoti, kisha ninyi mnyamaze. Akishika uzi atasema mwenyewe, na atasema na mjukuu wake, hatasema na kamera. Dana, yaani nyanya yangu, alikuwa akinisuka ndipo aliponiambia jinsi alivyoolewa. Sikuwa nimemuuliza.

Na mjiandae, anaweza kufika kwenye msiba. Kwetu Waluo kulikuwa na liedo, wafiwa kunyolewa siku chache baada ya maziko. Familia nyingi za kanisani zimeiacha, nyingine hukata kidogo tu. Mama mzee aliyefiwa na mume ana kumbukumbu ya kichwa kitupu ambayo huenda hajaisema mbele ya watoto. Akiigusa, msimkatize na msimsukume. Na kabla ya kuitumia, rudini kwake siku nyingine bila kamera mumuulize kama anakubali isikike.

Kuhusu mwanga, kaeni mlangoni au chini ya mwembe, saa mbili hadi saa nne asubuhi. Baada ya saa nane mchana upepo wa ziwa unaleta mawingu na mvua bila kubisha hodi, na bati likianza kupigwa hamna sauti tena.

Mwalimu Kakamega

Naongeza dogo. Bebeni barua ya chuo yenye muhuri hata nyumbani kwa watu, mkapite kwa mzee wa kijiji kwanza. Na mhadhiri wenu awaulizie mapema kibali cha kurekodi filamu, maana Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222 ya sheria za Kenya, inakitaka. Msingoje mtu awasimamishe Kondele.

MwanaZiwa

Asanteni sana, nimewasomea wenzangu kila neno na tuliketi hadi saa tano usiku.

Dada wa Seme, ulipoandika "aeleze" nilijiona. Mimi mwenyewe sikuwahi kuelezwa chochote, nilisukwa tu. Kwa hiyo tumebadili. Yule binti wa familia ya Seme ana miaka 19 na anahitaji kusukwa rasta kabla ya kurudi chuoni, na angeenda saluni tuwepo tusiwepo. Tutafuata kichwa chake kimoja tu. Jumatatu asubuhi nyanya anafumua zile za zamani hapo mlangoni, Jumanne anakwenda Kondele. Mama yake atakuwepo akisaidia kufumua, na ana picha yake ya shule akiwa amenyolewa, kwa hiyo wenzangu waliotaka lile la tatu watamsikiliza yeye. Kaka wa Nakuru, ukuta wako tumeuandika kwa muhula ujao.

Swali moja kwa dada msusi. Nyanya akishafumua anataka amsuke kwa uzi jioni ile, kama alivyozoea, na sisi tunatamani sana kumrekodi. Lakini tunaogopa tutakuletea kichwa kilichosukwa tayari na kukupotezea muda.

Msusi wa Kondele

Mwacheni amsuke. Mnanisaidia mimi. Nywele zikiviringwa uzi usiku kucha hunyooka zenyewe, asubuhi unafungua uzi na kuchana, sina haja ya blowa. Ile kelele aliyoilalamikia mhariri haitakuwepo.

Ila aoshwe kwanza mchana, nywele zikauke vizuri ndipo nyanya aanze uzi. Mafuta yawe kidogo, zikiteleza rasta hazishiki mizizi. Na uzi wasiufungue nyumbani, aje nao kichwani amefunga kitambaa. Nitaufungua mimi hapa, mmoja mmoja, mkiwa mmeshaweka kamera. Saa mbili asubuhi nitakuwa nimefungua, na redio nitaizima.

Nyar Seme

Uzi ununueni mweusi, ule mnene wa kusukia. Na mmnunulie nyanya roli mbili. Moja ni yake, abaki nayo.